Dondoo muhimu: Shimo la barabara likikuponza

Umepata ajali Tanga kwa sababu ya shimo, kalvati lililobomoka au kifusi kisicho na alama? Fanya haya mapema:

1. Ita trafiki kabla ya kuondoa gari. Aliyeumia achukue fomu ya polisi, PF3.
2. Piga picha za shimo, siyo bampa pekee. Weka rula au hata kandambili kuonyesha kina, na kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme. Wiki ijayo shimo laweza kuwa limefukiwa.
3. Mjue mwenye barabara: Segera–Tanga–Horohoro ni ya TANROADS, mitaa mingi ya mjini na njia za vijijini ni za TARURA.
4. Penye ujenzi, andika jina la mkandarasi lililo kwenye kibao.
5. Usikimbilie mahakamani: taasisi ya serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu.
6. Usilale pia, madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3.
7. Bima ndogo hailipi gari lako. Wengi hulijua hilo wakiwa gereji.
8. Mwendo kasi au matairi vipara vitakugeuzia kibao.