KUELEZA JARIBIO MBELE YA HADHARA

Jaribio la sayansi halikamiliki pale vipimo vinapoandikwa daftarini. Hukamilika pale aliyelifanya anapowaeleza wenzake alichokiona, nao wakamwelewa, wakamhoji, na wakaweza kulirudia wenyewe. Kwa hiyo uwezo wa kusimama na kueleza ni sehemu ya sayansi, kama ulivyo uwezo wa kusoma kipimajoto. Hata hivyo mara nyingi mwanafunzi hufundishwa kupima bila kufundishwa kueleza, na siku ya maonyesho huachwa apambane na hofu yake peke yake.

Swali la Erasto Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona kuwa mchanganyiko wa maziwa na sukari wa kutengenezea aiskrimu, uliotiwa katika jokofu ungali moto, uliganda kabla ya ule uliopoozwa kwanza. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa amekosea. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuitembelea shule. Wenzake walicheka. Osborne aliahidi kulijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilitoka katika jarida la Physics Education. Hata leo wanasayansi hawajaafikiana juu ya jambo hilo.

Yafaa kuangalia jinsi swali lile lilivyoundwa. Mpemba hakusema tu kwamba vitu vya moto huganda upesi. Alitaja vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, moja likiwa na nyuzi 35 za sentigredi na jingine nyuzi 100, kisha akataja kilichotokea na kuuliza kwa nini. Mtu aliyeelezwa hivyo anaweza kwenda kupima mwenyewe. Kicheko cha darasa hakikuwa na nguvu ya kulizima swali la namna hiyo.

Yanayotokea mwilini

Mwanafunzi anapoitwa mbele, tezi zilizo juu ya figo humimina katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, kinywa hukauka na mikono hutetemeka. Mwili hujiandaa vivyo hivyo unapokutana na hatari yoyote. Dalili hizi si ushahidi kwamba mwanafunzi hajui somo lake. Huwapata hata wasemaji wazoefu, na kwa kawaida hupungua kadiri maelezo yanavyoendelea. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi husaidia kupunguza kasi ya moyo. Ndiyo sababu inafaa kusimama kimya kidogo kabla ya kutamka sentensi ya kwanza.

Kupanga maelezo

Maelezo mazuri hujibu maswali manne kwa utaratibu: Ni nini kilichoulizwa? Kilijaribiwa vipi? Ni nini kilichoonekana? Maana yake ni nini?

Uchukuliwe mfano wa wanafunzi waliolinganisha maji ya mtungi wa udongo na maji ya ndoo ya plastiki. Vyombo vyote viwili vilitiwa maji ya kiasi kimoja, vikawekwa kivulini mahali pamoja, na joto likapimwa kila saa. Kabla ya kuandika lolote, msemaji aweze kuyasema matokeo kwa sentensi moja: maji ya mtungi yalipoa zaidi kwa sababu mengine hupenya udongo hadi nje, yakageuka mvuke, na kuchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Asiyeweza kuipata sentensi hiyo bado hajalielewa jaribio lake, na hakuna ufundi wa sauti utakaomwokoa.

Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikaririwe kwa moyo. Yaliyo katikati yaandikwe kwa maneno machache tu juu ya kadi ndogo. Anayesoma karatasi nzima huinamisha kichwa, na sauti yake huishia mezani.

Suala la lugha

Katika shule za sekondari ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, wapo wanaojua sayansi lakini wakakwama kwa kukosa maneno. Mwalimu amwache mwanafunzi alieleze jaribio kwanza kwa Kiswahili hadi hoja inyooke, kisha wakusanye pamoja istilahi za Kiingereza zinazohitajika na kuyarudia maelezo. Ni vigumu kulieleza kwa lugha ya kujifunza jambo lisiloelezeka kwa lugha iliyozoeleka.

Mazoezi

Maelezo hufanyiwa mazoezi kwa sauti, mtu akiwa amesimama na vifaa vyake mkononi. Kusoma kimya hakutoshi. Michael Faraday wa Uingereza, mtoto wa mhunzi aliyekuja kuwa mhadhiri mashuhuri wa sayansi, alikwenda kujifunza usemaji kwa mwalimu. Basi mwanafunzi asione haya kurudia mara tatu au nne, kwanza mbele ya rafiki mmoja, halafu mbele ya kikundi, na hatimaye mbele ya darasa zima, huku saa ikiangaliwa.

Maswali ya wasikilizaji

Wenzake wamwandalie maswali magumu mapema. Je, siku yenye unyevunyevu mwingi hewani mtungi ungepoza vilevile? Je, mtungi uliopakwa rangi nje ungefaa? Ikiwa jaribio lilifanywa siku moja tu, msemaji aseme hivyo waziwazi. Kukiri mpaka wa vipimo ni desturi ya wanasayansi, na humpa msemaji heshima kuliko jibu la kubahatisha.

Wajibu mkubwa zaidi ni wa mwalimu: asiruhusu mtu yeyote achekwe. Mpemba alidumu na swali lake ingawa alichekwa. Wengi wengine hunyamaza, na waliyoyaona hupotea pamoja nao.

Zoezi

1. Andika kwa sentensi moja matokeo ya jaribio ulilofanya muhula huu.
2. Lieleze kwa dakika tatu bila kusoma, ukifuata maswali manne yaliyotajwa.
3. Wasikilizaji waandike walichokielewa. Linganisha maandishi yao na sentensi yako, kisha urekebishe maelezo yako.