SOMO LA JAMAA: NANI ANASTAHILI KUFUNDISHA WATOTO NYUMBANI?

Tusome: Kumbukumbu la Torati 6:6-7, 2 Timotheo 1:5 na 3:14-15.

Mwezi wa tatu wa mwaka 2020 masomo yalisimamishwa katika inchi yetu yote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwanzo wa mwaka 2025 vita vilifunga shule nyingi za Kivu. Siku zile wazazi wengi walisema: «Mimi sina diploma, nitamfundisha mtoto nini?»

Mwalimu wa shule husomea kazi yake, na ni vema, maana anashika watoto wa watu wengi. Lakini Musa aliagiza wazazi wote wa Israeli, si wenye elimu tu. Basi mzazi atakiwa nini? Mambo manne.

1. Neno liwe kwanza moyoni mwake. Mzazi anayesema uongo mbele ya mtoto amekwisha kufundisha uongo.

2. Awe na saa yake. Musa ataja kuketi, kutembea, kulala na kuamka: ni kila siku. Nusu saa kila jioni yapita siku nzima mara moja kwa mwezi.

3. Awe na uvumilivu. Matusi na fimbo humfundisha mtoto kuficha asilolijua.

4. Ajue kipimo chake. Mama asiyejua kusoma asione haya: mtoto amsomee kwa sauti, naye amwulize, «Umeelewa nini?» Hesabu aifundishe kwa vipimo vya unga na faranga za soko. Jambo lisilowezekana kwake, amwombe kijana wa kanisa mwenye kulijua. Na shule ikifunguliwa, mtoto arudi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema shule ya msingi ni lazima, tena ni bure katika shule za serikali. Mafundisho ya nyumbani hayaondoi haki hiyo.

Tumtazame Timotheo. Baba yake alikuwa Myunani. Imani yake ilitoka kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Maandiko hayatuambii walisoma wapi. Yatuambia imani ilikaa ndani yao kwanza.

Maulizo ya kujibu nyumbani:
- Jana jioni ulikaa na watoto wako dakika ngapi?
- Jambo gani moja unalijua vizuri, na mtoto wako hajalijua? Anza nalo leo.

Bwana abariki nyumba zenu. Amina.