Soma Agosti Kabla ya Novemba: Historia ya Eneobunge 60B, Minneapolis

Orodha ya wawakilishi wa eneobunge 60B katika Bunge la Minnesota, Marekani, tangu ramani ya 2012, ni fupi: Phyllis Kahn, Ilhan Omar, Mohamud Noor. Wote watatu ni wa DFL, kama Democrats wa Minnesota wanavyojiita tangu walipoungana na chama cha Farmer-Labor mwaka 1944. Wote walishinda uchaguzi mkuu wa Novemba kwa kura nyingi. Kwa mwenye haraka, hapo hakuna habari. Lakini kiti hicho kiligombewa vikali mno, na aliyezoea siasa za ngome zetu ataelewa upesi ni kwa nini orodha ya washindi haimwambii hivyo.

Kwanza tulione eneo lenyewe. Ramani iliyochorwa mwaka 2012 ililiweka kwenye kingo za mto Mississippi, likiwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, mitaa ya wapangaji wanafunzi, na Cedar-Riverside, mtaa wenye maghorofa ya Riverside Plaza. Huko ndiko familia nyingi za Kisomali zilikoanzia maisha mapya. Omar mwenyewe alizaliwa Mogadishu mwaka 1982, akapitia kambi ya wakimbizi ya Utango karibu na Mombasa, akaingia Marekani mwaka 1995. Bunge la jimbo lina wawakilishi 134 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili, na maseneta 67. Kila eneo la seneta hukatwa vipande viwili, A na B. Kwa hesabu ya sensa ya 2020, kila mwakilishi ana watu wapatao 42,600.

Hapa kuna mitego miwili kwa anayechimba historia. Wa kwanza ni nambari. Kila baada ya sensa mipaka huchorwa upya, na Minnesota kazi hiyo imeishia mahakamani mara nyingi kwa sababu wanasiasa hushindwa kuafikiana. Nambari nazo huhama. Kahn alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972, ila ukitafuta 60B ya mwaka huo hutampata; hata kabla tu ya ramani ya 2012, eneo lake liliitwa 59B. Kwa hiyo mfuate mtu na mitaa yake, usiifuate nambari.

Mtego wa pili ni safu ya chama. Kuanzia 1913 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, karatasi za kura za wabunge wa Minnesota hazikuwa na jina la chama. Wabunge walikaa kwa makundi ya Wahafidhina na Waliberali, na wawakilishi walianza kugombea kwa vyama vyao wazi mwaka 1974. Ukiona nafasi tupu penye chama katika matokeo ya 1972, usidhani karani alisahau, wala usimwite Kahn mgombea huru.

Sasa tuje kwenye Agosti. Minnesota hupiga kura za mchujo Jumanne ya pili ya mwezi huo. Kabla ya 2010 zilikuwa Septemba, kwa hiyo kwa miaka ya nyuma tafuta huko. Mpiga kura hasajiliwi kama mwanachama wa chama chochote. Anaingia kituoni, anachagua chama kimoja kwenye karatasi, anapiga kura kwa siri. Katika ngome kama 60B, aliyepita mchujo wa DFL ameshapita. Ndivyo ilivyo kwa kura za maoni Tanzania, au mchujo wa vyama Kenya katika maeneo ambako rangi moja hutawala.

Kahn, mwanasayansi mwenye shahada ya uzamivu ya Yale na mmoja wa waliosukuma sheria ya 1975 ya kudhibiti uvutaji sigara ndani ya majengo, alikalia kiti hicho miaka 44. Mwaka 2014 Mohamud Noor alimkabili ndani ya chama. Mkutano wa wanachama wa Cedar-Riverside ulivunjika kwa vurugu mwezi Februari, na baadaye hakuna aliyefikisha asilimia 60 inayohitajika ili chama kimuidhinishe. Agosti, Kahn aliponea kwa takriban asilimia 54. Novemba akashinda kirahisi, na mwenye kusoma Novemba peke yake asingejua kwamba kiti kilikuwa kinatikisika.

Miaka miwili baadaye kilianguka. Mchujo wa tarehe 9 Agosti 2016 uliwakutanisha watatu: Omar alipata takriban asilimia 41, Noor na Kahn wakagawana zilizobaki karibu sawasawa. Kura zote hazikufika 6,000. Pigia mstari hesabu hiyo: eneo la watu wapatao 40,000 lilibadilishiwa mwakilishi na watu wanaotosha kujaza uwanja mdogo wa mpira. Novemba Omar alipata takriban asilimia 80 na kuwa Msomali wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote Marekani. Asilimia hiyo 80 nayo isikuroge. Mpinzani wake wa Republican, naye Msomali, alikuwa ameshasimamisha kampeni, jina lake likabaki tu kwenye karatasi.

Tazama tena jina la Noor. Alishindwa mchujo wa uchaguzi mdogo wa Seneti mwishoni mwa 2011, akashindwa na Kahn 2014, akashindwa na Omar 2016. Mwaka 2018 Keith Ellison aliacha kiti chake cha Kongresi ili agombee uanasheria mkuu wa jimbo, Omar akakimbilia nafasi ya Ellison, na 60B ikawa wazi. Noor alishinda mchujo, akaingia bungeni Januari 2019. Orodha ya washindi inamwonyesha kama mgeni wa 2019. Kwa maoni yangu safu ya mshindi wa pili ndiyo yenye utamu zaidi, na ndiyo inayofutwa kwanza watu wanapofupisha matokeo.

Kwa msomaji anayeishi huko, au mwenye ndugu huko: raia mwenye umri wa miaka 18 aliyekaa Minnesota siku 20 anaweza kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi, kituoni, akiwa na uthibitisho wa makazi. Asiye na karatasi anaweza kudhaminiwa kwa kiapo na mpiga kura wa kituo hichohicho, na mdhamini mmoja anaruhusiwa hadi watu wanane. Utaratibu wa kujiandikisha siku hiyo ulianza miaka ya 1970, na katika eneo la wanafunzi na wapangaji wanaohama kila mwaka una uzito mkubwa.

Usisahau chaguzi ndogo, kwani hufanyika nje ya kalenda na ni rahisi kuzipita. Seneta wa eneo la 60, Kari Dziedzic, alifariki Desemba 2024, Seneti ikabaki 33 kwa 33. Wawakilishi nao walikuwa wametoka kwenye uchaguzi wa Novemba wakiwa wamefungana 67 kwa 67. Tarehe 28 Januari 2025 wakazi wa mitaa hii walimchagua Doron Clark wa DFL, na kwa kura zao Seneti ikapata wenye wingi.

Rekodi zipo wazi na hazilipiwi. Maktaba ya Bunge la Minnesota ina ukurasa wa kila mbunge, wa sasa na wa zamani, pamoja na nambari za maeneo aliyowakilisha kwa vipindi. Chukua nambari hizo, kisha nenda kwenye matokeo ya ofisi ya Katibu wa Jimbo, na uombe ya mchujo kwa kila kituo: humo utaona mitaa ya wanafunzi ilimpa nani kura na Cedar-Riverside ilimpa nani.