Ukurasa wa Watoto: Pweza wa Miambani

Watoto wa Faza na Kizingitini humjua pweza kabla hawajajua kusoma. Maji yakikauka wakati wa bamvua, mama na bibi zao hushuka miambani na vijiti mkononi, wakachungulia shimo baada ya shimo. Lakini hebu muulize mwenzako: pweza ana mioyo mingapi?

Ana mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua, anapopumulia, na mmoja huisambaza mwilini. Damu yenyewe ni ya buluu kwa kuwa ina madini ya shaba. Yetu ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Pweza hana mfupa hata mmoja. Kitu kigumu alichonacho ni mdomo unaofanana na wa kasuku, ambao huumega ganda la kaa. Tundu likipitisha mdomo huo, mwili wote hupenya.

Minyiri yake ni minane, na zaidi ya nusu ya neva zake zimo humo, si kichwani. Kila mnyiri hupapasa na kuonja wenyewe. Ngozini ana vifuko vidogo vya rangi. Akivitanua na kuvifumbata hugeuka rangi ya jiwe mara moja, na mtu akampita bila kumwona. Akibanwa sana hutema wino, akatoroka.

Pamoja na ujanja huo wote, pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja hivi tu. Jike hutaga mara moja maishani. Huyatundika mayai yake, maelfu kwa maelfu, ndani ya shimo, akayalinda na kuyapepea maji safi bila kutoka kuwinda. Yakishaanguliwa, hufa. Basi jike akivuliwa kabla ya hapo, mayai hubaki bila mlinzi.

Mwaka 2004, wanakijiji wa Andavadoaka, nchini Madagaska, walifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa. Walipoifungua walikuta pweza wakubwa zaidi, kwani pweza mdogo huweza kuongezeka uzito maradufu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kisiwani Pate pia wavuvi, wanawake wakiwemo, wameshafunga miamba kwa njia hiyo.

Ukikuta mahali pamefungwa, usichokore mashimo. Waulize wazee wa kamati ya BMU siku ya kufungua ni lini, kisha umwambie bibi aandae kijiti chake.