Wazo Halingoji, na Adhana Haingoji



Likizo iliyopita kamati ya msikiti mmoja wa Muyinga iliniomba nichore mahali papya pa kutilia udhu, upande wa akina mama. Nilipewa siku kumi. Siku ya kwanza nilichora paa la duara. Ya pili nikaona nakshi za vikapu vyetu zingependeza ukutani. Ya tano nilikuwa nimeanza mnara ambao hakuna aliyeuomba. Siku ya kumi fundi alifika na saruji yake, akakuta michoro 17, hata mmoja hauna vipimo. Akajenga kwa kukisia. Sakafu ikainamia mlangoni, na mama zetu wakawa wanakanyaga maji wakienda kuswali.

"Mwanangu," mzee wa kamati aliniambia, "tulitaka mfereji, wewe umetuletea mnara." Sikuwa na jibu.

Niliporudi chuoni Gitega nilimsoma Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201). Naye mawazo yalimjia bila taarifa. Hakuyafukuza, aliyaandika, yakawa kitabu, Sayd al-Khatir, yaani kuwinda mawazo. Humo humo anaeleza kuwa wageni wa porojo walipomtembelea, aliwawekea kazi zisizotaka akili: kukata karatasi, kuchonga kalamu, kufunga madaftari. Wengi hutaja kisa hiki kuonyesha ubahili wake wa muda. Mimi naona lingine: alijua kazi ipi inataka akili nzima na ipi haitaki, akazitenganisha. Mimi nilizichanganya.

Sisi tuna bahati ambayo hatuihesabu. Burundi iko karibu na ikweta, hivyo kati ya Magharibi na Isha kuna kama saa moja na robo, mwaka mzima. (Muyinga, iliyo mashariki zaidi, jua hutangulia kuzama kwa dakika moja au mbili.) Wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya, wakati wa kiangazi Isha huwakimbilia usiku wa manane. Basi, nikishaswali Magharibi, muda unaobaki ni wa kuchora nitakavyo. Penseli tu, bila rula, bila kufuta. Mnara ukija, upewe ukurasa wake. Isha ikiadhiniwa nafunga daftari hata kama mstari uko katikati. Mwanzoni iliniuma sana. Kumbe mstari ulioachwa katikati ni rahisi kuuendeleza kuliko ukurasa mweupe.

Rula hutoka baada ya Alfajiri. Nachagua mchoro mmoja wa jana na kuuliza maswali ya fundi: mlango una upana gani, maji yanakwenda wapi? Asubuhi michoro mingi ya usiku hutia aibu kidogo, na hilo ni jema.

Wazo likinijia darasani, naandika maneno matatu pembeni, basi. Likinijia ndani ya swala, Allah atusamehe, naliacha lipite. Mara mbili limerudi lenyewe baada ya salamu. Mengine yamepotea, na sijafa.

Mwezi huu nimepeleka Muyinga karatasi moja: mfereji wa sentimita 15, sakafu ikiteremka kuelekea nje. Mzee aliigeuza, akatazama nyuma yake, akaniuliza mnara nimeuficha wapi.