Meneja Mpya na Mpango Wake: Mwenye Mali Aupime kwa Nini?



Katika somo lililopita tulieleza namna ya kuandaa mizania ya mwaka. Leo tunaingia katika jambo ambalo halimo ndani ya mizania, lakini mara nyingi ndilo linaloamua mizania ijayo itakuwaje. Jambo hilo ni namna wenye mali wanavyoupokea mpango wa kiongozi mpya.

Kila chama hufikiwa na siku hiyo. Meneja wa zamani hustaafu, au huondolewa, na mwingine huajiriwa. Huyu mpya huja na mpango wake, akausoma mbele ya mkutano kwa maneno mazuri. Wenye mali wafanye nini? Wapige makofi? Waingiwe na hofu? Ili tulielewe vyema swali hili, tutaanza mbali, katika biashara ya magari, kisha tutarudi nyumbani Pemba.

1. MWENYE MALI NA NJIA ZAKE MBILI

Katika kampuni kubwa mwenye mali ni mwanahisa. Yeye ana njia mbili za kusema. Ya kwanza ni kura katika mkutano wa mwaka, ambapo mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Ya pili ni soko la hisa. Akiuamini mpango wa mtendaji mkuu, hununua hisa zaidi au huzishikilia zile alizonazo. Akiutilia shaka, huziuza. Wakiuza wengi, bei hushuka, na kwa kushuka huko uongozi hupata habari kwamba haukuaminiwa. Bei ya hisa, basi, ni kama mlio wa ngoma: husikika mbali, na husikika upesi.

Lakini kusikika upesi si sawa na kusema kweli. Mfano ufuatao utaonyesha.

2. MFANO WA JAPANI

Kampuni ya magari ya Nissan ilipata hasara karibu kila mwaka katika miaka ya 1990, na madeni yake yakawa makubwa mno. Mwezi Machi mwaka 1999 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilinunua asilimia 36.8 ya hisa zake, kisha ikampeleka Tokyo mtu wake aitwaye Carlos Ghosn kwenda kuiponya.

Tarehe 18 Oktoba 1999 Ghosn aliusoma mpango wake hadharani. Ulikuwa mchungu. Viwanda vitano nchini Japani vifungwe, nafasi za kazi 21,000 ziondolewe, na gharama za ununuzi wa vipuri na malighafi zipunguzwe kwa asilimia 20. Lakini pamoja na uchungu huo alitoa ahadi tatu zenye tarakimu na tarehe. Kwanza, kampuni ipate faida katika mwaka wa hesabu unaoishia Machi 2001. Pili, faida ya uendeshaji ifike asilimia 4.5 ya mauzo ifikapo Machi 2003. Tatu, katika muda huo huo deni lishuke kwa nusu, kutoka yeni trilioni 1.4 hadi yeni bilioni 700. Akaongeza kwamba ahadi hata moja isipotimia, yeye na wenzake katika uongozi watajiuzulu.

Wenye hisa walipokeaje? Hawakushangilia. Katika wiki zilizofuata bei ya hisa za Nissan ilishuka. Wengi walikuwa wamekwisha kusikia mipango mingi ya kampuni hiyo huko nyuma, na hawakuona kwa nini huu uwe tofauti. Na kweli mwaka ule ulifungwa kwa hasara ya yeni bilioni 684. Lakini mwaka uliofuata, ule wa ahadi ya kwanza, kampuni ilipata faida ya yeni bilioni 331, na ahadi zote zikatimia mwaka mmoja kabla ya muda wake.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Soko lilikosea katika wiki zile, lakini mpango haukupotea, kwa sababu uliandikwa kwa namna ambayo mtu yeyote angeweza kuupima siku ikifika. Wahenga walisema ahadi ni deni. Na deni lisilo kiasi wala tarehe halidaiki.

Hadithi haikuishia hapo. Mtu yule yule alikaa katika uongozi karibu miaka 20, sifa zake zikavuma duniani, na kadiri zilivyovuma ndivyo waliothubutu kumwuliza maswali walivyopungua. Mwezi Novemba 2018 alikamatwa Tokyo kwa tuhuma za kuficha sehemu ya malipo yake, tuhuma alizozikana, na mwishoni mwa mwaka 2019 alitoroka kwenda Lebanon. Kesi yake haikuwahi kuamuliwa, nasi hatuwezi kuiamua hapa. Lililo wazi ni kwamba kampuni ilirudi katika shida. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025 ulifungwa kwa hasara ya yeni bilioni 671. Mtendaji mkuu mpya, Ivan Espinosa, aliyeshika kazi tarehe 1 Aprili 2025, alitangaza mwezi Mei kwamba nafasi za kazi 20,000 zitaondolewa na viwanda vitapunguzwa kutoka 17 hadi 10. Msomaji aone mwenyewe namna dawa ya mwaka 2025 inavyofanana na ile ya mwaka 1999. Fundisho la pili ni hili: meneja aliyetimiza ahadi za jana bado anapaswa kuulizwa maswali ya leo.

3. MFANO WA NAIROBI

Sasa tusogee karibu. Kampuni ya CMC ya Kenya haikuwa ikiunda magari, bali iliyauza pamoja na matrekta, na ilikuwa na matawi Uganda na Tanzania. Hisa zake ziliuzwa katika soko la Nairobi. Mwaka 2011 ililetewa mtendaji mkuu mpya, ambaye hapo awali aliongoza General Motors Afrika Mashariki. Wanahisa walikuwa na haki ya kutumaini mwanzo mpya. Badala yake ukazuka ugomvi mkubwa ndani ya bodi ya wakurugenzi, pamoja na madai juu ya fedha zilizowekwa katika akaunti za nje ya nchi.

Mwezi Septemba 2011 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilisimamisha uuzaji wa hisa hizo. Nia ilikuwa kumlinda mwekezaji asinunue wala kuuza gizani. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanahisa mdogo, aliyeweka akiba yake humo, hakuweza tena kutoka. Ule mlio wa ngoma ulinyamaza. Wakati huo kampuni ilipoteza uwakala wa magari ya Land Rover, na mwenye hisa alitazama tu. Mlango ulifunguka mwaka 2014, ilipokamilika kazi ya kuiuza CMC kwa kampuni ya Al-Futtaim ya Dubai kwa shilingi 13 za Kenya kwa kila hisa; kisha hisa zikaondolewa sokoni moja kwa moja. Mwezi Januari 2025 ilitangazwa kwamba CMC inajitoa katika biashara ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu moja. Mwanahisa wa CMC katika miaka ile alifanana sana na mwanachama wa ushirika: ana mali ndani, hana soko la kuiuzia, na kilichobaki mkononi mwake ni mkutano na maswali.

4. KATIKA CHAMA CHETU

Hisa ya ushirika haipelekwi sokoni. Mwanachama anayetoka hurudishiwa haki yake kwa mujibu wa masharti ya chama, wala haipandi thamani kwa sababu meneja ni hodari. Kura nayo ni moja kwa kila mtu, awe na hisa moja au mia, kama walivyokubaliana wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, tangu mwaka 1844. Kwa hiyo sauti halali ya mwanachama ni moja tu, nayo ni mkutano mkuu.

Je, mwanachama asiposema mkutanoni, huwa amekubali? Hapana. Husema kwa njia nyingine. Hutoa akiba yake kidogo kidogo. Huchelewesha rejesho la mkopo. Zao lake hulipeleka kwingine. Mkutano ujao haonekani. Mimi hulita jambo hili soko la kimya. Halina bei inayotangazwa, na katibu asiyesoma madaftari yake hatalisikia mpaka sanduku liwe tupu.

Nitaeleza niliyoyaona. Katika chama kimoja cha kaskazini ya kisiwa chetu, ambacho sitakitaja jina, aliajiriwa meneja mpya, kijana mwenye elimu na adabu. Mpango wake ulikuwa chama kikope fedha kinunue gari ya mizigo, kichukue karafuu za wanachama na mizigo ya watu wengine. Aliusoma vizuri. Mwenyekiti akauliza, "Mmekubali?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Nami nilikuwapo, nimeketi meza kuu kama mgeni, na mimi nilipiga makofi.

Nilirudi baada ya miezi minne kwa ukaguzi. Daftari la akiba lilionyesha kwamba waliotoa fedha walikuwa wengi kuliko walioweka, mwezi baada ya mwezi, kuanzia wiki ile ile ya mkutano. Kamati ilisema ni shida za kawaida za msimu. Nikaenda kumwuliza mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa tangu chama kuanzishwa. Akanijibu, "Mwanangu, makofi tulipiga kwa heshima. Pesa tulizitoa kwa khofu." Nikamwuliza khofu ya nini. Akasema, "Hatukuambiwa nani atalipa deni mwaka ambao mikarafuu haikuzaa."

Kila mkulima wa Pemba anajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Swali la mama yule lingeweza kujibiwa kwa dakika kumi siku ile ya mkutano. Halikuulizwa, kwa hiyo halikujibiwa. Akiba ilipopungua chama kilishindwa kulipa, na gari ikarudishwa kwa mkopeshaji. Meneja hakuwa mwizi, wala mpango wenyewe haukuwa mbaya. Ulikufa kwa kukosa maswali. Kosa hilo lilikuwa la kamati, lilikuwa la wanachama, na lilikuwa langu pia, kwani kazi yangu ni kuuliza.

5. NAMNA YA KUUPIMA MPANGO

Tuchukue mfano wa hesabu. Chama chenye wanachama 120 kinataka kukopa ili kununua gari. Rejesho la mkopo ni shilingi 1,250,000 kwa mwezi. Meneja anakadiria kwamba baada ya kutoa mafuta, matengenezo na mshahara wa dereva, gari itabakisha wastani wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Pengo ni shilingi 350,000 kwa mwezi, yaani shilingi 4,200,000 kwa mwaka. Tukiligawa kwa wanachama 120, kila mmoja anabeba shilingi 35,000 kwa mwaka. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kusomwa mkutanoni. Mwanachama aliyeisikia na akakubali amekubali kweli. Hatakimbia na akiba yake usiku.

Katibu ahakikishe kwamba mpango wa meneja mpya unajibu haya kwa maandishi kabla ya kura kupigwa:

(a) Unaahidi nini, kwa kiasi gani, na kufikia tarehe gani?
(b) Utagharimu kiasi gani, na kila mwanachama anabeba sehemu gani?
(c) Mwaka mbaya ukija, deni litalipwa kwa fedha zipi?
(d) Nani atatoa taarifa ya maendeleo, na kila baada ya miezi mingapi?
(e) Ahadi isipotimia, itachukuliwa hatua gani?

Baada ya mkutano, kwa muda wa miezi sita, katibu aandike kila mwezi mambo manne katika ukurasa mmoja: akiba zilizowekwa na zilizotolewa, marejesho yaliyochelewa, zao lililopokelewa likilinganishwa na msimu unaofanana nao, na idadi ya waliohudhuria mikutano. Ukurasa huo apewe mwenyekiti na asomewe meneja. Mambo mawili kati ya manne yakiharibika kwa pamoja, mkutano wa wanachama uitishwe mapema, na waulizwe kwa upole wanaogopa nini. Waswahili wamekwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, tusimchukie meneja mpya kwa upya wake, wala tusimwabudu kwa ufasaha wake. Anayeuliza hampingi, anamsaidia kuiona miamba kabla chombo hakijafika. Na wewe mwanachama, ukiona makofi yanapigwa na wewe una swali, nyoosha mkono kwanza. Makofi yatangoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza tofauti mbili kati ya sauti ya mwanahisa wa kampuni na sauti ya mwanachama wa ushirika.
2. Kwa nini bei ya hisa za Nissan ilishuka mwaka 1999 ingawa mpango ulifanikiwa baadaye?
3. Wanahisa wa CMC walipofungiwa soko walibakiwa na nini? Linganisha na hali ya chama chako.
4. Fungua daftari la akiba la chama chako. Linganisha miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada ya uamuzi mkubwa wa mwisho. Limekuambia nini?