MASHINDANO YA MASHUA KATIKA MTO THAMES

Katika nchi ya Uingereza uko mto uitwao Thames, upitao katika mji wa London. Hapo vyuo vikuu viwili, Oxford na Cambridge, hushindana kwa mashua. Kila mashua huchukua wapiga makasia 8, na mtu wa 9 hushika usukani na kuwaongoza wenzake, maana wao huketi wakiupa mgongo upande waendako. Mashindano ya kwanza yalifanywa mwaka 1829, mahali paitwapo Henley. Mwaka 1836 yalihamishiwa London, na tangu mwaka 1845 njia yake ya desturi hutoka Putney kwenda Mortlake, mwendo wa maili 4 na robo. Tangu mwaka 2015 mashua za wanawake hushindana katika njia hiyo hiyo, siku moja na za wanaume.

Mashindano huanza wakati maji ya bahari yanapojaa na kupanda mto, ili mkondo uzisukume mashua mbele. Kwa hiyo hupita upesi sana. Tena mto wenyewe umepinda. Maelfu ya watu husimama ukingoni. Lakini aliye Putney huona mwanzo tu, aliye Hammersmith huziona zikipita darajani, na aliye Mortlake huona mwisho. Kila mmoja hupata kipande chake. Hapana aonaye yote.

Shida hiyo ilidhihirika mwaka 1877. Mashua zilifika mwisho karibu sawasawa, hata mwamuzi akasema kwamba zimelingana, hapana mshindi. Watu wa Oxford hawakuridhika, wakasema ya kwamba mashua yao ndiyo iliyotangulia. Lakini wangeonyesha nini? Neno lote lilitegemea jicho la mtu mmoja.

Mwaka 1927 mashindano yalitangazwa kwa redio kwa mara ya kwanza, na mwaka 1938 yakaonyeshwa kwa televisheni. Hata hivyo, hapana chombo kisichoharibika. Mwaka 1949 mtangazaji John Snagge alikuwa akizifuata mashua kwa mashua ya injini, na injini ile ikamharibikia. Washindani wakamwacha nyuma, naye akawaambia wasikilizaji kwamba haoni nani aliye mbele, ila bila shaka ni Oxford au Cambridge! Maneno hayo hukumbukwa kwa kicheko hata leo. Mwisho Cambridge walishinda, kwa robo ya urefu wa mashua tu.

Je, siku hizi picha husafirije? Kamera huwekwa ukingoni, madarajani, katika mashua zinazofuata, na hata angani katika helikopta. Kamera hugeuza picha kuwa tarakimu, na mitambo huzipunguza tarakimu hizo zisiwe mzigo mkubwa. Kisha mawimbi ya redio huzipeleka nchi kavu. Huko wasimamizi hutazama picha zote pamoja, wakachagua ile ionyeshayo vema, wakaipeleka kwa televisheni na kwa intaneti. Katika intaneti picha hukatwa vipande vya sekunde chache, ndipo vikasafiri. Kwa sababu hiyo atazamaye kwa simu huchelewa kidogo. Aliye ukingoni amekwisha kushangilia. Na kamera moja ikizimika, au daraja likizuia mawimbi, kamera nyingine hushika zamu.

Faida yake ilionekana mwaka 2003. Baada ya maili 4 na robo, Oxford walishinda kwa futi 1 tu. Mwamuzi ndiye aliyeamua, kama ilivyokuwa zamani. Lakini safari hii picha zilikuwapo, na watu walio mbali na mto waliona kwa macho yao.

Wahenga walisema, Kidole kimoja hakivunji chawa. Mpiga makasia mmoja hawezi kuifikisha mashua ya watu wanane, wala jicho moja haliwezi kuuona mto mzima.

MASWALI
1. Kwa nini mashua huhitaji mtu wa kushika usukani?
2. Kwa nini aliye ukingoni hawezi kuyaona mashindano yote?
3. Kwa nini atazamaye kwa simu huona baada ya aliye ukingoni?
4. Eleza tofauti kati ya mwisho wa mashindano ya mwaka 1877 na ya mwaka 2003.